Wale wa Njano wa Chumba cha Kufulia

Kaeni. Wewe Zdena acha kulikunja hilo shuka, limeshakunjika, na wewe Luboš weka simu mfukoni, hakuna mwenye neno na wewe leo kunishinda mimi. Nataka niseme mara moja tu, maana hata hii pumzi naivuta kwa kuibembeleza, na mkinikatiza nitapoteza nilipofika, mtabaki na nusu ya maneno, na nusu ya maneno ndiyo inayogombanisha watu hata kabla udongo haujakauka juu ya kaburi. Daktari amewaambia yake huko kwenye korido, mkarudi humu na nyuso za watu waliolamba ndimu, mkaniuliza kama nataka chai. Sitaki chai. Nataka mnisikilize, wanangu, na yatakayowauma mvumilie, kwa sababu mimi yananiuma zaidi na bado nayasema.

Nianze na mepesi. Nyumba ni yenu wote wawili, sawa kwa sawa, na asitokee mmoja kumwambia mwenzake kwamba yeye ndiye aliyepaka rangi ua. Kile kibanda chetu cha msituni na bustani yake ni cha Zdena, kwa sababu Luboš akiona jembe anaanza kushika mgongo. Sufuria kubwa ya siku ya kuchinja nguruwe ni ya Luboš, kwa sababu Zdena akiona damu anatafuta kiti. Mitungi ya jamu gawaneni, ila ile ya rafu ya juu kabisa itupeni, ni ya zamani mno, msije mkanifuata kabla ya wakati. Na shangazi yenu Blažena, dada wa baba yenu, ambaye hatujasemezana tangu tulipomzika baba yenu kwa sababu alisimama katikati ya waombolezaji akasema saladi yangu ya viazi ni siki tupu, mwiteni kwenye mazishi yangu, na saladi atengeneze yeye. Nimemsamehe, lakini atengeneze yeye, watu walinganishe.

Hayo yamekwisha. Sasa nakuja kwenye samaki, na wewe Luboš usitazame dirishani, nje hakuna kitu.

Jana padri alinipaka mafuta, nyinyi mkiwa jikoni, akaniuliza kwa sauti ile yake ya kubembeleza mgonjwa kama kuna jambo linanielemea. Nikamwambia hakuna. Nimelala usiku kucha na uongo huo kifuani kama jiwe la kukandamizia kabichi ya kuchachusha kwenye pipa, lakini ningemwambia nini? Kwamba mwanamke mzima wa Přerov, mjane wa Bedřich Otruba, amelala kitandani anasubiri kufa, na kinachomtia aibu ni visamaki vya urefu wa kidole? Angedhani akili imetangulia. Padri hajui samaki. Nyinyi mnajua, au mnapaswa kujua, maana mmekulia juu yao, na viatu mlivyovaa shuleni vilitoka chumba cha kufulia.

Mimi sikuwapenda mwanzoni. Baba yenu aliwaleta akiwa bado na nywele, wamo kwenye mtungi wa matango ameufunika kwa kofia yake ya reli, akasema, "Drahuše, hawa wanatoka ziwa Nyasa, Afrika." Nikamwambia, "Na wewe unatoka wapi saa hizi, supu imepoa?" Akaanza kubeba vyuma kutoka karakana, akaviunga, akapachika vioo kwa ile gundi ya madirisha, maana siku zile hapakuwa na cha kununua, kila mtu alijiundia, na chumba changu cha kufulia kikajaa matangi mpaka nikawa nafulia bafuni. Nilimtukana kwa majina yote niliyokuwa nayo. Lakini yeye alikuwa na vidole vya mtu wa reli, vinene kama soseji, na samaki hawa, kama mjuavyo, mama akishataga huyachukua mayai yake yote kinywani, akakaa nayo humo mpaka yaanguliwe, na watoto wakae humo mpaka wajue kuogelea, na muda wote huo hali chakula, anakonda, tumbo linaingia ndani, anawatazama wenzake wakila na yeye amefumba. Ukitaka watoto wasiliwe na wenzao, lazima umshike yule mama mkononi, umfungue kinywa taratibu kwa ncha ya njiti ya kiberiti, wadondoke kwenye bakuli. Baba yenu aliwabana mno. Mmoja akamfia mkononi, akalia, jitu zima. Basi nikamsukuma pembeni, nikamwambia, "Lete hapa, wewe endesha treni zako." Ndivyo nilivyoingia, na sijatoka.

Kwetu samaki hawa tunawaita *tlamovec*, yaani wenye kinywa, na neno lenyewe ni la kinywa cha mnyama, si cha mtu. Mjini hapa na mimi wakaniita hivyo hivyo, mnadhani sijui? Nilijua. Nilikuwa hata naona fahari. Kwenye chama chetu cha wafugaji, wanaume wale na mashati yao ya maonyesho, walikuwa wakinikwepa na matangi yao kama watoto wanaoficha alama mbaya, kwa sababu nikiona samaki aliyepinda mgongo nasema amepinda mgongo, na nikiona mkia umechanika nasema. Lakini wale samaki wanaitwa hivyo kwa sababu wanajua kunyamaza na kinywa kimejaa. Mimi changu hakijawahi kubeba kitu. Kila kilichoingia kilitoka hapo hapo, kikiwa kibichi.

Sasa Oktoba ile. Mlikuwepo wote wawili kwenye ukumbi wa maonyesho, mlisikia mlichosikia, lakini hamkuona nilichokiona baadaye.

Nilimpeleka dume letu mzee, yule wa damu ya wale wa mtungi wa matango, wa njano kama kiini cha yai, na ule mstari mweusi kwenye pezi la mgongoni kama umechorwa kwa wino. Wakampa utepe wa ushindi. Nikawa nimesimama pale na utepe wangu, na gauni langu la kanisani, na mtoto wa jicho kwenye macho yote mawili, kila kitu nakiona cha njano kama ninatazama ndani ya chai. Akaja Kvapil. Namtaja kwa ajili yako, Zdena, maana hukuwahi kukaa naye: yule tarishi mstaafu, mjane, aliyejifunza kila kitu kwa baba yenu, na aliyekuwa akikaa kwenye meza ya waamuzi kwa sababu hajawahi kumpunja mtu. Alibeba tangi dogo, amelifunika kwa taulo, akaliweka chini nyuma ya meza yangu, akaniinamia sikioni: "Bi Otrubová, nikuombe pembeni kidogo. Kuna kitu uangalie."

Mimi na pembeni ni wapi na wapi. Nikasema kwa sauti ya kufika mlangoni, "Unaficha nini, Kvapil, umefuga mamba?" Nikalivuta taulo.

Mwenyekiti Mikeska akainama na miwani yake. Akasema, "Hawa si safi. Wana mistari ubavuni, na mgongoni weusi umefifia. Hawa wameingiliwa na samaki wa aina nyingine, wale wa rangi ya chungwa." Mimi sikuona mistari, wala weusi, niliona chai. Lakini watu walikuwa wameshageuka, na mdomo wangu ukisikia watu wamegeuka hauniulizi. Nikasema, "Kvapil, hawa umewaokota wapi, mtaroni kando ya mto Bečva? Na wewe ndiye unayetuhukumu sisi?" Wakacheka. Nikaona wamecheka, nikaongeza. Nikasema marehemu Bedřich angekuwepo angemnyang'anya na ndoo. Hilo nalo nilisema, la mume wangu, nikalitumia kama fagio.

Kvapil alinitazama. Halafu akakutazama wewe, Luboš. Siku ile nilidhani anatafuta mtu wa kumtetea. Halafu akasema, taratibu, "Labda nilikosea mahali." Akalirudisha taulo juu ya tangi, akalinyoosha pembe zake, kama mtu anayemfunika mtoto. Mwezi uliofuata chama kikamwomba apumzike kwenye uamuzi. Kupumzika, ndivyo walivyosema, na tangu hapo hakuna aliyechukua samaki kwake, hata bure.

Nipeni maji. Kidogo. Basi.

Baada ya mwaka mpya walinitoa mtoto wa jicho, mnakumbuka, wewe Zdena ulinipeleka. Nilirudi nyumbani nikaona vumbi lote ambalo Iveta, mkeo Luboš, husema halipo. Halafu nikashuka chini kwa samaki wangu, na macho yangu mapya. Nikawasha taa juu ya tangi kubwa la njano, wale vijana wetu, wale ambao tumewagawa mpaka Ostrava na mpaka ng'ambo ya mpaka kwa jina la baba yenu, wanaitwa "njano ya Otruba" na watu wasiomjua Otruba ni nani. Nikaona mistari. Ubavuni, myembamba, kama mbavu za mbwa mwenye njaa. Nikatafuta ule wino mgongoni, kwa huyu haupo, kwa yule umekatika. Nikakaa kwenye ndoo. Nilikaa mpaka miguu ikafa ganzi, natazama samaki nilioamini ndio peke yao walio safi nchi nzima, na nasikia watu wanacheka ukumbini.

Alichotaka nikione pembeni kilikuwa changu. Vile vitoto alivichukua kwetu, vikakua kwake, akaona, akaja kuniambia sikioni ili asiniaibishe, na mimi nikalivuta taulo.

Luboš, sitaki useme kitu, nimekwambia msinikatize. Najua ilivyokuwa. Nilipovunjika nyonga, kabla ya Oktoba ile, nikalala hospitali, wewe ndiye uliyelisha, nakushukuru, na lile tangi la pembeni likapasuka kioo, na wale majike wa rangi ya chungwa hukuwa na pa kuwaweka, ukawatia kwa wale wa njano ukidhani utawatoa kesho. Hilo si kosa, na baba yenu angefanya hivyo hivyo, maji yanamwagika utafanyaje. Ila hukuwatoa. Na hukuniambia. Na ukumbini, Kvapil alipokutazama, ulitazama viatu. Na hilo pia ningelimeza, kwa sababu viatu nami nimevitazama tangu mwaka mpya. Lakini majuzi nimelala hapa, na bomba la joto linapita kutoka chumba cha kufulia mpaka kichwani pa kitanda changu, kila neno la huko chini linanifikia kama redio, nikakusikia unamwambia mtu kwenye simu, "Njano ni njano, bwana wangu. Ni ukoo wa Otruba, hakuna safi kuliko hawa."

Njano ni njano. Mwanangu. Mimi nilisema ujinga kwa upofu wangu, wewe unausema na macho mazima.

Mnafikiri nimemaliza aibu? Sijafika. Tangu Kwaresima, tangu moyo huu uanze kunikatalia ngazi, nani anabadilisha maji huko chini? Zdena unafika Jumapili na keki. Luboš unashuka ukiwa na mteja. Kila Alhamisi mlango wa chini unafunguka, nasikia viatu vinafutwa kwenye gunia, nasikia mtu anavuta maji kwa mpira, anakohoa yakimwingia kinywani, anabeba ndoo, anarudi. Wiki ya kwanza nilijifanya nimelala. Wiki zilizofuata nikajifanya nimelala. Mimi, ambaye nimewaamsha majirani wote wa mtaa huu kwa sauti yangu, nimejificha chini ya blanketi nisimsikie mzee akikohoa kwa ajili yangu.

Alhamisi moja nikashindwa. Nikaegemeza mdomo kwenye bomba, nikaita. "Kvapil, umeona wale wa njano?"

Nikasikia ndoo inawekwa chini, halafu akasema, "Nimeona, Bi Otrubová. Niliona zamani."

"Wa Bedřich wamekwisha basi. Wale safi."

"Hawajakwisha," akasema. "Ninao kwangu. Wale alionipa Bedřich, nimewazalisha peke yao, sijawachanganya na kitu."

Mnaelewa maana yake? Alikuwa nao. Siku ile ya Oktoba, angetoka tu mpaka kwake, akarudi nao kwenye ndoo, akawaweka juu ya meza mbele ya Mikeska na watu wote, kila mtu angeona aliyechanganya ni nani. Nikamuuliza. Nikasema, "Kwa nini hukuwaleta, ukanifunga mdomo?"

"Nani wa kukufunga mdomo," akasema, na nikamsikia anakung'uta maji mikononi. Halafu akasema, "Na ungerudi nyumbani na nani? Gari lilikuwa langu."

Na kweli. Alinirudisha yeye. Nilikaa kwenye gari lake siku ile na utepe mapajani, njia nzima nikimweleza jinsi ya kufuga samaki.

Ngojeni. Pumzi.

Sasa sikilizeni ninachoagiza, na mkifanye mkiwa hai wote wawili na mkitazamana machoni. Wale wa mistari asiuawe hata mmoja, hawajakosa kitu, waliwekwa chumba kimoja wakafanya wafanyavyo watu. Wapelekeni kule nyumba ya wazee, madume peke yao wasizaane, wazee wawatazame, na majike wabaki kwenye tangi lao mpaka wajifie. Lakini asitoke hata mmoja kwa jina la baba yenu, wala la mtu yeyote. Luboš, wale watu uliowapa, utawaita mmoja mmoja, kwa simu hiyo hiyo. Na chama kikikutana, pale kwenye baa yao, utaingia, hutakaa, hutaagiza bia kwanza, utasimama usikike mpaka kwa Mikeska, useme wale wa Oktoba walitoka nyumbani kwa Otruba, na Kvapil alikuja kutuambia kwa siri, na mama yako akamtukana mbele ya watu akiwa haoni. Uniseme mimi. Lako ukitaka ulitaje, ni shauri lako na usingizi wako, lakini langu usilipunguze hata neno. Usiseme mama alikuwa mgonjwa. Sikuwa mgonjwa, nilikuwa na mdomo.

Matangi yote, na vipasha maji, na pampu za hewa, na yale machujio mapya, vyote vya Kvapil. Sitaki kusikia kwamba Iveta anataka chumba cha kufulia kiwe cha kufulia. Kitakuwa, Kvapil akishamaliza kuvibeba, na Luboš utambebea, utamfikishia mpaka mlangoni kwake. Na samaki wake, wale wa mtungi wa matango, waitwe njano ya Kvapil. Bedřich asinikasirikie. Aliwaleta yeye, lakini aliyewalinda ni mwingine.

Leteni vipaji vya nyuso, inameni, siwezi kuinuka. Zdena. Mungu akushike mkono, binti yangu, na akupunguzie kukunja mashuka. Luboš, sogea, usiogope, sikupigi. Mungu akupe mdomo wa kusema unapotakiwa. Mimi nilikupa ule wa kelele tu, sikuwa na mwingine. Nakubariki hivyo hivyo ulivyo. Nawabariki na watoto wenu, na hata Iveta. Na... hata Blažena na saladi yake.

Sauti inakwenda. Sikieni... leo Alhamisi. Huo mlango wa chini. Ndiye. Shuka, Zdena, umwambie apande. Hajawahi kupanda humu, atasita. Nifunge hizi nywele kwanza... hapana, ziache, anione zilivyo. Mwambie viatu asivue. Atavua tu, namjua, atasimama hapo kizingitini na soksi zake. Basi kabatini, chini kabisa, kuna ndara za baba yenu. Hakuna aliyezivaa tangu... mpeni azivae.

Na akishaingia mtoke, mfunge mlango. Hilo neno nitamwambia mwenyewe, na sijalisema kwa mtu maishani, sitaki mnisikie nikijifunza.